Kutoka Mlango wa Kanisa hadi Ubao wa Matangazo: Habari na Huduma za Jamii katika Kijiji cha Uingereza, 1818–2021

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya habari za mahali na huduma za jamii katika vijiji vya Uingereza, kuanzia sheria ya mikutano ya parishi ya mwaka 1818 hadi mikutano ya mtandaoni ya miaka ya 2020 na 2021. Hoja kuu ni kwamba katika vijiji hivyo habari haikuwa nyongeza ya huduma, bali sharti lake. Mwanakijiji aliyepewa taarifa kwa wakati aliweza kudai huduma, na aliyenyimwa taarifa alipokea uamuzi uliokwisha kufanywa. Kwa kufuatilia masharti ya kisheria kuhusu tangazo, saa ya mkutano na mahali pa mkutano, makala inaonesha namna haki hiyo ilivyopatikana polepole. Inaonesha pia namna kuondolewa kwa huduma katika nusu ya pili ya karne ya 20 kulivyoondoa, bila kukusudiwa, njia za habari zilizokuwa ndani ya huduma hizo. Sehemu ya mwisho inadokeza mafunzo kwa watunga sera wa Afrika Mashariki.

1.0 Utangulizi

Katika vijiji vingi vya Uingereza, karibu na kanisa au ukumbi wa kijiji, husimama ubao wa matangazo wenye kioo na kufuli. Ndani yake hubandikwa ajenda ya baraza la parishi, ratiba ya basi, siku ya kupita kwa maktaba ya gari, na simu za kupiga wakati wa dharura. Si ajabu kukuta kando yake kibanda chekundu cha simu ambacho sasa kimewekwa mashine ya kushtua moyo. Mpita njia anaweza kuviona vitu hivi kuwa mapambo ya mashambani. Kwa mwanahistoria, ubao huo ni hati ya kisheria yenye umri wa zaidi ya karne moja.

Historia ya magazeti na historia ya huduma za vijijini mara nyingi huandikwa kando kando. Makala hii inaziweka pamoja. Swali linaloiongoza ni hili: ni nani katika kijiji aliyekuwa na haki ya kuambiwa, na haki hiyo ilibadili nini katika maisha yake?

Istilahi mbili zinahitaji ufafanuzi. Kwanza, jina Uingereza katika makala hii linahusu England pekee, si Scotland wala Wales. Pili, neno parishi linatumika kwa maana ya eneo dogo kabisa la utawala wa kiraia. Asili yake ni mipaka ya kanisa, lakini tangu mwaka 1894 parishi ya kiraia ina baraza na mikutano yake yenyewe.

2.0 Kijiji Kilichosikia: Vestri na Mlango wa Kanisa

Kabla ya mwaka 1894 mambo ya kijiji yaliamuliwa katika mkutano wa walipa kodi wa parishi ulioitwa vestri. Mamlaka yake hayakuwa madogo. Tangu mwaka 1555 parishi iliwajibika kutengeneza barabara zake, na tangu sheria ya maskini ya mwaka 1601 ilitoza kodi ya kuwatunza wasiojiweza. Mjane aliyehitaji mkate, kibarua aliyevunjika mguu na yatima aliyehitaji kupangiwa bwana wa kumfundisha kazi, wote walitegemea uamuzi wa majirani zao walioketi kanisani au katika chumba cha baa.

Sheria ya mwaka 1818 iliweka utaratibu wa kuita mikutano hiyo. Tangazo lilipaswa kutolewa siku 3 kabla, lisomwe kanisani siku ya Jumapili na libandikwe mlangoni. Hata hivyo, sheria hiyohiyo iliwapa wenye mali kura zaidi. Aliyekadiriwa mali ya juu aliweza kupiga hadi kura 6, ilhali jirani yake alikuwa na moja. Hivyo wote walisikia tangazo, lakini wachache ndio waliokuwa na sauti.

Mabadiliko mawili yalifuata kwa karibu. Mwaka 1834 utunzaji wa maskini ulihamishiwa kwenye miungano ya parishi nyingi. Uamuzi juu ya maskini wa kijiji ulianza kufanywa katika mji wa soko, mbali na macho ya wanakijiji. Kisha sheria ya matangazo ya parishi ya mwaka 1837 ilikomesha usomaji wa matangazo ya kidunia wakati wa ibada, na kuamuru yabandikwe katika milango ya makanisa.

Badiliko hilo la pili linaonekana dogo, lakini lina uzito. Katika usajili wa ndoa wa mwaka 1841 katika England na Wales, takriban theluthi mbili ya wanaume na nusu ya wanawake ndio walioweza kutia sahihi. Waliobaki waliweka alama. Kutia sahihi si kipimo kamili cha kusoma, lakini kinatosha kuonesha hali ilivyokuwa. Tangazo lilihama kutoka sikioni kwenda machoni wakati sehemu kubwa ya kijiji haikuwa bado na macho ya kusoma. Aliyesoma akawa mlango wa asiyesoma, na kasisi, mwalimu na mwenye duka wakaongezeka nguvu.

3.0 Sheria ya 1894: Saa Kumi na Mbili Jioni

Madai ya kubadili hali hiyo yalitoka mashambani. Tarehe 7 Februari 1872 Joseph Arch, mfanyakazi wa mashambani na mhubiri wa Kimethodisti kutoka Barford, alihutubia vibarua chini ya mti huko Wellesbourne, wilayani Warwickshire. Mwaka huohuo ulizaliwa muungano wa kitaifa wa vibarua wa mashambani. Mwaka 1884 wanaume wengi wa tabaka hilo walipata kura ya Bunge, na mwaka 1885 Arch mwenyewe akachaguliwa kuwa mbunge. Ilibaki hatua ya kijijini: mtu aliyeweza kumchagua mbunge hakuwa na neno juu ya kisima cha kijiji chake.

Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1894 ilijibu dai hilo. Kila parishi ya vijijini ilipewa mkutano wa parishi, na zile zenye watu 300 au zaidi zilipaswa kuwa na baraza la kuchaguliwa. Mambo ya kiraia yalitenganishwa na mambo ya kanisa. Wanawake, walioolewa na wasioolewa, waliruhusiwa kupiga kura na kugombea. Kura za ziada za wenye mali zilitoweka. Kila mtu alibaki na kura moja.

Hata hivyo, undani wa sheria hiyo umo katika vifungu vyake vidogo, ambavyo vinaonesha kwamba waliovitunga waliyajua maisha ya kijiji. Mkutano wa parishi haukuruhusiwa kuanza kabla ya saa kumi na mbili jioni. Mkutano wa mchana ungekuwa mkutano wa wenye mashamba peke yao, kwa sababu kibarua aliyeacha kazi angekatwa ujira. Mikutano ilizuiwa kufanyika katika nyumba za pombe iwapo palikuwapo mahali pengine panapofaa, na chumba cha shule kiliweza kutumika bila malipo. Tangazo la mkutano lilipaswa kutolewa siku 7 kamili kabla, si katika mlango wa kanisa tu, bali pia katika sehemu za wazi za kijiji. Kwa njia hiyo Wamethodisti na Wabatisti, ambao hawakupita mlango wa kanisa la Anglikana, walifikiwa pia. Ubao wa matangazo wa leo umetokana na sharti hilo.

Kifungu kingine kilitoa haki isiyokuwapo awali: wapiga kura 6 wa parishi waliweza kuitisha mkutano wenyewe, bila kumsubiri kasisi wala kabaila. Aidha, hesabu za sadaka za kijiji, ambazo kwa vizazi zilishikwa na wachache, zilianza kuwasilishwa mbele ya mkutano. Penye wengi hapaharibiki neno. Lakini ili wengi wawepo ni lazima kwanza waambiwe siku, saa na mahali.

Mapungufu hayakukosekana. Uchaguzi wa baraza ulifanyika kwa kunyoosha mikono, isipokuwa kura ya karatasi ilipodaiwa, ingawa kura ya siri ilikuwa sheria kwa uchaguzi wa Bunge tangu mwaka 1872. Kibarua aliyekaa katika nyumba ya mwajiri wake alinyoosha mkono mbele ya mwajiri huyohuyo. Uwezo wa fedha nao ulibanwa: baraza halikuweza kutumia zaidi ya peni 3 kwa kila pauni ya mali iliyokadiriwa bila idhini ya mkutano. Kwa fedha hizo liliweza kuweka taa, kutunza njia za miguu na kukodi vishamba vya mboga kwa ajili ya vibarua, lakini si kujenga hospitali.

4.0 Habari Ndani ya Huduma

Wakati sheria ikifungua mikutano, njia nyingine za habari zilikuwa zikikua. Kufutwa kwa ushuru wa stempu wa magazeti mwaka 1855 kulishusha bei na kueneza magazeti ya kila wiki katika miji ya soko. Magazeti hayo yalitegemea waandishi wa vijijini, ambao mara nyingi walikuwa walimu au makarani, walioleta mistari michache kuhusu mavuno, mazishi na mikutano. Mwaka 1859 kasisi John Erskine Clarke wa Derby alianzisha jarida la parishi lililochapishwa kwa wingi, ambalo kila kanisa liliweza kuliongezea kurasa zake. Kwa gharama ndogo kijiji kilipata gazeti lake lenye ratiba za ibada, michango ya klabu ya makaa ya mawe na majina ya waliobatizwa. Mhariri wake alikuwa kasisi, na jarida lilisema yale ambayo kasisi aliona yafaa kusemwa.

Njia iliyokuwa na nguvu zaidi haikuwa karatasi hata kidogo, bali kaunta ya posta. Posta ya peni moja ya mwaka 1840 iliwapa watu wa kawaida uwezo wa kuandikiana barua, na kufikia mwisho wa karne hiyo barua ililetwa hadi mlangoni hata mashambani. Mnamo tarehe 1 Januari 1909 serikali ilianza kulipa pensheni ya uzeeni, hadi shilingi 5 kwa wiki kwa watu wa miaka 70 na zaidi wenye kipato kidogo. Malipo hayo yalitolewa posta, si katika ofisi za sheria ya maskini zilizoogopwa. Wazee walikutana hapo kila wiki. Wakala wa posta, ambaye kwa kawaida alikuwa pia mwenye duka, alijua nani hakuja na akamtuma mtoto kumtazama. Hakuna sheria iliyompa kazi hiyo, na hakuna hesabu ya serikali iliyoiandika.

Huduma nyingine zilifanya kazi kwa namna hiyohiyo. Kabla ya Huduma ya Taifa ya Afya ya mwaka 1948, vijiji vingi vilichangishana fedha ili kuajiri muuguzi wa eneo, ambaye baiskeli yake ilibeba dawa na habari kwa pamoja. Chama cha Wanawake kilichoanzia Kanada mwaka 1897 kilifika Uingereza mwaka 1915, katika kijiji cha Singleton huko Sussex, na mikutano yake ya kila mwezi ikawa darasa la wanawake la kuendesha ajenda, kupiga kura na kuandika barua kwa wenye mamlaka. Kuanzia mwaka 1936 vibanda vyekundu vya simu vya mchoro wa Giles Gilbert Scott vilisambazwa hadi katika vijiji vyenye ofisi ya posta. Katika mifano yote hii habari haikuwa na bajeti yake. Ilisafiri ndani ya huduma.

5.0 Mlango Wazi na Kaunta Iliyofungwa

Nusu ya pili ya karne ya 20 ilileta mambo mawili yanayopingana: haki ya kisheria ya kujua iliimarishwa, na mahali pa kujulia paliondoka.

Mwaka 1960 Bunge lilipitisha sheria ya kuingia katika mikutano ya vyombo vya umma. Muswada huo uliwasilishwa na mbunge mpya, Margaret Thatcher, na ulichochewa na hatua ya baadhi ya mabaraza kuwanyima waandishi fursa zao za kawaida wakati wa mgogoro wa wafanyakazi wa uchapishaji wa mwaka 1958. Sheria iliyabana hata mabaraza ya parishi: umma na waandishi wa habari waruhusiwe kuingia, na tangazo la mkutano libandikwe kabla. Mageuzi ya mwaka 1972, yaliyoanza kutekelezwa Aprili 1974, yalifuta halmashauri za wilaya za vijijini na kuunda wilaya kubwa zaidi. Baraza la parishi lilibaki, lakini maamuzi mengi ya huduma yalisogea mbali zaidi na kijiji.

Kuondoka kwa huduma kulianza na reli. Ripoti ya Richard Beeching ya Machi 1963 ilipendekeza kufungwa kwa vituo 2,363, vingi vyake vya mashambani. Sheria ya Uchukuzi ya mwaka 1985 iliondoa udhibiti wa mabasi nje ya London kuanzia Oktoba 1986. Njia zisizo na faida zilibaki kutegemea ruzuku ya halmashauri. Katikati ya miaka ya 1960 Uingereza na nchi nyingine za dola hiyo zilikuwa na ofisi za posta takriban 25,000. Kuanzia mwaka 2003 malipo ya pensheni na ruzuku yalielekezwa kwenye akaunti za benki, na kati ya mwaka 2007 na 2009 zilifungwa takriban ofisi 2,500.

Kipimo kilichotumika katika kufunga ofisi hizo kinastahili kuzingatiwa. Serikali ilitaka asilimia 95 ya watu wa vijijini wabaki ndani ya maili 3 kutoka ofisi ya posta. Hicho ni kipimo cha umbali, nacho ni halali. Lakini hakikupima kile ambacho kaunta ilifanya bila kuandikiwa: kuona nani hakuja, kubandika tangazo la basi lililobadilika, kumsomea mzee barua asiyoielewa. Kwa bibi asiye na gari katika kijiji kilichokwisha kupoteza basi, maili 3 si umbali mfupi. Aliyepoteza pensheni ya mkononi alilipwa benki. Aliyepoteza habari hakulipwa chochote.

Magazeti ya miji ya soko nayo yalidhoofika matangazo ya biashara yalipohamia mtandaoni. Mpango wa waandishi wa demokrasia ya mitaa, uliofadhiliwa na BBC na kutangazwa mwaka 2017, ulilenga kwanza halmashauri kubwa. Katika mabaraza ya parishi, yanayokaribia 10,000, mlango uliofunguliwa na sheria ya 1960 uliendelea kuwa wazi, lakini mara nyingi kiti cha mwandishi kilikuwa kitupu.

6.0 Kijiji Kinajihudumia

Jibu la vijiji vingi lilikuwa kurejesha huduma kwa mikono yao wenyewe. Taasisi ya Plunkett, iliyoanzishwa mwaka 1919 na Horace Plunkett, mtetezi wa ushirika kutoka Ireland, imesaidia kuanzishwa kwa mamia ya maduka yanayomilikiwa na wanakijiji kwa hisa na kuendeshwa kwa sehemu kubwa na watu wa kujitolea. Kampuni ya simu ya BT ilianza mwaka 2008 kuwauzia wanajamii vibanda visivyotumika kwa pauni 1. Vingine vimekuwa maktaba ndogo, vingine vituo vya mashine za kushtua moyo.

Sheria ya mwaka 2011 kuhusu madaraka ya wenyeji iliwapa wanakijiji haki ya kuomba duka, baa au ukumbi viorodheshwe kuwa mali yenye thamani kwa jamii. Mwenye mali akitaka kuuza, kikundi cha kijiji kinaweza kupewa miezi 6 ya kutafuta fedha. Sheria haimlazimishi kuwauzia. Kimsingi, kilichotolewa ni muda na taarifa, yaani haki ileile ya mwaka 1894 katika umbo jipya: kijiji kiambiwe kabla jambo halijaisha.

Mwaka huohuo wa 2011, wanakijiji wa kaskazini mwa Lancashire walianzisha shirika la kijamii la B4RN ili kujiwekea intaneti ya kasi ambayo kampuni kubwa hazikuona faida ya kuileta. Wakulima waliruhusu nyaya zipite mashambani mwao bila malipo, na watu wa kujitolea wakachimba mitaro. Mafanikio hayo, hata hivyo, yana mpaka. Huduma ya kujitolea hustawi pale palipo na wastaafu wenye ujuzi, muda na akiba. Kijiji maskini zaidi, au chenye nyumba nyingi za wageni wa mwisho wa wiki, hakina nguvu kazi hiyo.

Janga la UVIKO-19 liliuweka wazi ukweli wa zamani. Mikutano ya mabaraza iliruhusiwa kufanyika mtandaoni mwaka 2020, na ruhusa hiyo ikakoma mapema Mei 2021. Katika kipindi hicho kifupi mlezi wa mtoto mchanga na mgonjwa asiyeweza kutoka waliingia katika mkutano wa parishi wakiwa nyumbani. Asiye na intaneti alibaki nje, kama asiyejua kusoma mbele ya mlango wa kanisa mwaka 1837. Kila chombo kipya cha habari humkaribisha mtu mmoja na kumwacha mwingine. Swali la sera ni nani anayeachwa.

7.0 Tafakuri kwa Afrika Mashariki

Historia hii inagusa eneo letu kwa njia isiyo ya moja kwa moja. Serikali ileile iliyompa mwanakijiji wa Uingereza haki ya kuitisha mkutano haikuipeleka haki hiyo katika makoloni. Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya Tanganyika ya mwaka 1926 ilijengwa juu ya machifu waliotambuliwa na serikali. Mabaraza ya wenyeji ya Kenya, yaliyoanza mwaka 1924, yaliongozwa na mkuu wa wilaya. Neno baraza, ambalo kwa Waswahili ni mahali pa mazungumzo ya walio sawa, lilitumika kwa mkutano wa kupokea amri. Tangazo lilikuwapo, wapiga kura 6 wa kuitisha mkutano hawakuwapo.

Leo misingi imebadilika. Tanzania ina mkutano mkuu wa kijiji wa watu wazima wote chini ya sheria ya mwaka 1982, na Uganda imeifanya parishi kuwa ngazi ya kupelekea fedha za maendeleo tangu mwaka 2022. Kutoka katika historia iliyojadiliwa, mambo matatu yanafaa kuzingatiwa. Kwanza, saa, mahali na muda wa tangazo si mambo ya ukarani. Ndiyo yanayoamua nani atahudhuria. Pili, haki ya wananchi kuitisha mkutano wenyewe ina uzito kuliko haki ya kualikwa. Tatu, kabla ya kufunga au kuhamishia mtandaoni zahanati, posta au kituo cha malipo, tathmini ihesabu pia habari zinazopita mahali hapo.

8.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba kijiji cha Uingereza hakikupata huduma zake kwa wema wa kasisi au kabaila peke yake, wala hakikuzipoteza kwa hesabu za faida peke yake. Katika nyakati zote mbili habari ilikuwa kiini. Sheria ya 1894 ilifanikiwa pale ilipotambua kwamba kibarua hutoka shambani jioni. Sera za karne iliyofuata zilikwama pale ziliposahau kwamba mzee aliyekwenda posta hakufuata shilingi 5 tu. Ubao wenye kioo bado umesimama kijijini, na ufunguo wake kwa kawaida hushikwa na karani wa parishi. Thamani yake hupimwa kwa jambo moja: iwapo kilichobandikwa humo kinamfikia mwanakijiji angali na nafasi ya kusema neno.